Magadi Kwenye Singo

Bi Jaha alikuwa hapendi kufundishwa kazi. Umwambie pilau lake limechacha, atanuna kisha atakusamehe. Umwambie nyumba yake ina mende, atakwambia mende ni wako, umekuja nao kwenye pochi. Lakini umfundishe namna ya kumsinga bibi arusi, kumsugua mwili kwa manukato! Hapo huna tena salamu naye, na hata ukifa atakuja matangani kwa ajili ya kahawa tu.

Na haki yake alikuwa nayo. Mtaa wa Shela hapo Malindi, nusu ya wake za watu wametoka mikononi mwake waking'ara, wananukia asumini na liwa mpaka nje ya geti. Yeye ndiye somo, mlezi wa mabibi arusi, na somo akishaingia chumbani na bibi arusi, hata mama mzazi anabisha hodi.

Ila bibi arusi wa safari hii hakuwa wa mtu baki. Zainab alikuwa binti wa marehemu dadake. Alimlea tangu hajui kujifunga kanga, akamsomesha kwa jasho la kuuza bajia na achari, mpaka akawa mwalimu wa kemia kwenye shule moja ya sekondari huko Watamu. Sasa anaolewa na Adnan, fundi wa mafriji, kijana mpole mwenye sauti ya kuomba radhi hata akiwa hajakosa. Wanapendana wale, kila mtu anajua. Tatizo lilikuwa mama.

Mama yake Adnan akiitwa Bi Shamsa. Mwanamke wa haja, buibui lake lingetosha kufunika tuktuk na dereva ndani yake. Mwana wake ni huyo huyo mmoja, na alikuwa amemwekea binamu yake huko Lamu, msichana mtaratibu wa kutazama chini. Zainab, Bi Shamsa alimkataa mapema. "Yule msomi ana mdomo," alisema. "Mimi sitaki mkwe wa kunijibu."

Ikabidi Bi Jaha afunge safari mpaka kwake, akae mkekani kama mwombaji, amwapie. "Zainab wangu mimi? Mdomo wa yule ni wa kulia tu, dada. Maneno hana."

Bi Shamsa akakubali shingo upande, na akatoa sharti mbele ya watu. Siku ya hina, atakapoleta begi la bibi arusi, lile la nguo na zawadi, ataingia chumbani amtazame msichana kwa macho yake, kuanzia utosi hadi kisigino. Akiona kasoro, begi linarudi lilikotoka na mwanawe anapanda basi la Lamu.

Sasa umeshaambiwa hivyo, mtu mzima wewe, unafanya nini? Unafanya kazi yako unavyoijua, basi, unamshukuru Mungu. Bi Jaha akashindwa na viwiko.

Viwiko vya Zainab vilikuwa vigumu. Mwalimu anaegemea meza mwaka mzima akisahihisha, unategemea nini? Wiki nzima Bi Jaha alivisugua kwa singo lake, ule mchanganyiko wa manjano, liwa, karafuu na maua ya waridi anaoutwanga mwenyewe, na wiki nzima viwiko vikamtazama vile vile kama vifuu vya nazi. Asubuhi ya siku ya hina akaamka navyo kichwani. Akapita jikoni, akamkuta Kache anatia magadi kwenye chungu cha maharagwe ili yaive upesi.

Kache ni jirani, Mgiriama wa Kaloleni aliyeolewa hapo mtaani, na kwenye shughuli za Shela hakuna sufuria inayoinjikwa bila yeye. Bi Jaha akasimama akayaangalia yale maharagwe yanavyolegea. Magadi yanalainisha maharagwe. Yanalainisha kisamvu. Yanalainisha makongoro ya ng'ombe mzee aliyekufa kwa ukaidi. Yatashindwa na kiwiko cha mwalimu?

Akachota konzi nzima.

Chumbani kulikuwa na giza. Dirisha limefungwa, maana bibi arusi hapigwi jua, na stima ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Zainab alikuwa amelala mkekani, kanga hadi kidevuni. Alisikia magadi yakikwaruza kwenye bakuli, akainua kichwa.

"Khala, unatia nini hapo?"

"Nyamaza."

"Kama ni magadi, khala, tafadhali usi—"

"Zainab! Tumekubaliana nini mimi nawe? Bibi arusi hasemi! Tangu leo mpaka uingie kwa mumeo sitaki kusikia sauti yako. Nimemwapia yule mwanamke kwamba huna maneno, usinifanye muongo." Na akaanza kumsugua. Hakuishia kwenye viwiko, la. Kitu kizuri hakifanyiwi uchoyo. Akampaka mikono, shingo, uso, miguu, akamkanda kwa moyo wote huku akimwombea dua, na chini ya kiganja chake akasikia ngozi inavyoteleza. Alifurahi, nafsi yake!

Kisha akafungua dirisha kidogo, aione kazi yake.

Bi Jaha hakupiga kelele. Alikaa kitako. Msichana alikuwa mwekundu. Si wekundu wa haya, si wekundu wa hina, bali mwekundu wa tofali, kuanzia kwenye nywele mpaka vidole vya miguu, na macho meupe katikati yakimtazama kwa uchungu mkubwa.

Aliyepiga kelele ni Kache, aliyekuwa anaingia na chai. "Mulungu wangu! Mmemchuna!"

"Funga mlango!" akasema Bi Jaha. Lakini nje uani walikuwa wamejaa wanawake wa mtaa wanamenya viazi, na mwanamke anayemenya viazi masikio yake hayana kazi. Chai haijapoa, habari imeshafika barabarani kwamba bibi arusi amewiva.

"Ni hasadi," akasema Bi Jaha. "Mtu amemtupia jicho. Lete chumvi ya mawe, Kache, ile ya kule Gongoni."

Chumvi ikaletwa, ikakorogwa kwenye ndoo, Zainab akamwagiwa. Akabaki mwekundu, ila sasa mwekundu wa kulowa.

Zainab alikuwa hasemi, ameambiwa asiseme. Lakini mikono yake ilianza. Alinyoosha kidole kwenye ndoo ya chumvi, akatikisa kichwa. Akaonyesha bakuli la singo, akajishika koo kama anayenyongwa. Kisha akasugua kwapa lake kwa nguvu na kuonyesha rafu ya juu.

"Anataka nini?" akauliza Kache.

"Anawashwa kwapa," akasema Bi Jaha. "Masikini mwanangu. Lete magadi, tumwoshe vizuri. Magadi hayaachi uchafu."

Zainab akajipiga paji la uso. Wakamshika wakamwosha kwa maji ya magadi, akakolea. Wakaona labda hayakutosha, wakampitishia sabuni ya kipande, ile ya kufulia, na hapo ndipo alipofikia rangi ambayo Bi Jaha hajaiona ila kwenye viti vya plastiki vya hotelini.

Bi Jaha akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Magadi aliyatia yeye, kwa mkono wake, na hakuna aliyemtuma. Alasiri Bi Shamsa ataingia kwenye mlango ule, atamwona mtoto wa marehemu dadake kama alivyo, atageuka na begi lake, na Zainab hataolewa na Adnan wala mtu mwingine yeyote anayeishi karibu na mdomo wa Bi Shamsa. Akaanza kulia, kilio cha kweli, cha makamasi.

"Kulia baadaye," akasema Kache. "Huyu ni mwalimu wa nini, huyu?"

"Wa kemia."

"Na hayo mnayomwagiana hapo ni nini, ni Kiswahili? Mwache aseme, mwenehu, ndugu yangu!"

Bi Jaha akafikiri. Akaenda kuchungulia mlangoni. Akarudi. "Haya, sema," akasema. "Lakini kwa kunong'ona, kama mtu anayeomba maji."

Maskini, alifikiri atapata maneno mawili. Zainab aliinuka pale mkekani, mwekundu vile vile, kanga kwapani, na ghafla hakuwa bibi arusi tena, alikuwa mwalimu mwenye darasa la watu wazito.

"Khala, shida yako unadhani chumvi ni moja."

"Chumvi ni chumvi!"

"Chumvi ni mtoto. Asidi na besi wakikutana, anazaliwa chumvi, na maji juu yake."

"Astaghfirullah! Na nikaha bado!"

"Kuna chumvi nyingi duniani, kila moja na wazazi wake. Na mtoto anafuata mzazi aliye na nguvu. Hii ya kupikia, asidi yake ina nguvu na besi yake ina nguvu, hakuna anayemshinda mwenzake, kwa hivyo ukimtia majini mtoto ametulia. Tuna kipimo tunakiita pH, kinaanzia sifuri ya asidi kali, kinaishia kumi na nne ya besi kali. Maji ya chumvi ya kupikia yanasimama saba, katikati, sawa na maji matupu. Ndiyo sababu uliponimwagia sikubadilika."

"Na magadi?" akauliza Kache, ambaye alikuwa ameshakaa chini na kikombe cha chai cha bibi arusi.

"Magadi besi yake ni kali, asidi yake ni dhaifu, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Akiingia majini anafuata upande wa besi. pH inapanda mpaka kumi. Na manjano, khala, yakikutana na besi yanageuka mekundu. Hayana jicho, hayana hasadi. Hata sabuni ni ukoo huo huo: asidi dhaifu ya mafuta, na besi kali."

"Kumbe sabuni na magadi ni mabinamu," akasema Kache.

"Mabinamu kabisa."

"Na Adnan naye ni magadi. Babake alikuwa mtu wa kusinzia barazani, mamake ndiye huyo."

"Kache!"

Bi Jaha hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuhisi kwamba anafundishwa kazi, tena na mtoto aliyemfunga nepi. "Sasa dawa ni nini? Ndimu?"

"Ndimu ni asidi yenyewe, na ngozi umeshaichubua, itaniunguza. Nataka chumvi iliyofuata upande wa asidi. Nimeonyesha kwapa mpaka mkono umechoka, khala! Shabu! Shabu yako ya kwapa, ile juu ya rafu!"

Shabu ile Bi Jaha ana kipande chake tangu ujana, jiwe jeupe kama barafu, anajipaka akitoka kuoga ili asinuke jasho. Aliitazama kwa dharau. "Shabu inakausha jasho tu."

"Leteni visahani vitatu."

Vikaletwa. Zainab akatia manjano na maji katika kila kimoja. Katika cha kwanza akatia chumvi ya Gongoni, manjano yakabaki manjano. Cha pili akakitia magadi, yakawa damu. Kache akasogeza kikombe chake mbali. Katika cha tatu akakoroga shabu iliyotwangwa, kikabaki njano ya kupendeza. Kisha akakichukua hicho cha shabu, akakimimina polepole juu ya kile chekundu.

Kikachemka povu, pfff! Kache akaruka mpaka mlangoni. "Jini anatoka!"

"Ni gesi," akasema Zainab. "Ile ya soda."

Na povu lilipotulia, Bi Jaha akainama akatazama. Kilikuwa njano. Akakitia kidole, akakinusa. Alikwenda akachukua mchi, akaitwanga shabu ya ujana wake yote, hata chembe hakubakisha.

Ikafanya kazi, jamani! Uso ukarudi, njano laini yenye kung'ara, vile bibi arusi anavyotakiwa awe. Ikaja shingo, ukaja mkono wa kulia, ikaja miguu. Walikuwa wanaukaribia mkono wa kushoto, na maji ya shabu yameisha, Kache ametoka kuulizia kipande kingine kwa majirani, mara vigelegele vikasikika nje. Bi Shamsa amekuja kabla ya wakati. Habari ya viazi ilikuwa imemfikia.

Bi Jaha akamfunika Zainab gubigubi. "Mkono ndani. Mdomo ndani zaidi." Akatoka akamkuta mgeni ameshaingia ukumbini, begi analo mwanamke mwingine nyuma yake, jipya, bado lina nailoni.

"Assalamu alaykum, Bi Jaha."

"Waalaykumu salaam, dada yangu! Karibu, karibu! Mbona mapema?"

"Nimesikia jambo," akasema Bi Shamsa. "Nimekuja kuliona."

Hapo ndipo Bi Jaha alipopata wazo lake, wazo baya, na lilimjia likiwa limekamilika. Pale mezani kulikuwa na bakuli la singo la jana, halina magadi.

"Utaliona, dada. Lakini mkono mkavu haumgusi bibi arusi wangu. Mama wa bwana arusi anasingwa kwanza."

"Desturi hiyo ya wapi?"

"Ya hapa," akasema Bi Jaha, nayo ilikuwa haijatimiza hata dakika moja tangu izaliwe. Akamshika mikono, akampaka singo mpaka kwenye viwiko, akamsugua huku anamsifia bangili. Kisha akaleta beseni, birika, na sabuni ya kipande, ya kufulia. Akamwosha kwa povu jingi, akamkausha kwa kanga nyeusi. Stima bado haijarudi, na ukumbi wa nyumba ile hata mchana una giza la kisimani. Bi Shamsa hakuona kitu. Alikuwa na haraka ya kuona kasoro ya mwenzake.

Akaingia chumbani, akavuta ile kanga kwa mkupuo mmoja. Uso, sawa. Shingo, sawa. Mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku, sawa. Zainab ameinamisha macho kama alivyoambiwa. Kisha Bi Shamsa akauchomoa mkono wa kushoto.

"Aha!" akasema. "Nimesikia kweli! Huyu ana—"

"Ana nini, dada?" Bi Jaha akasukuma dirisha likafunguka. "Na wewe je, una nini?"

Jua likamwangukia Bi Shamsa mikononi. Myekundu. Myekundu kuanzia kucha hadi viwiko, na bangili za dhahabu juu yake. Akaitazama, akaipindua, akaisugua kwenye buibui. Rangi haikutoka.

"Hasadi inamrudia mwenyewe," akasema Bi Jaha polepole, na raha aliyoisikia wakati ule ni haramu kuisimulia. "Nimeiona mara nyingi katika kazi hii. Anayekuja na nia mbaya kwa bibi arusi, rangi inampanda. Ikifika moyoni, basi tena. Labda atoke nje, atamke mbele ya wanawake wote kwamba msichana hana kasoro. Hapo huenda ikashuka."

Alitegemea ugomvi. Alijiandaa kwa ugomvi. Lakini lile jitu la mwanamke likakaa mkekani ghafla, likajikunyata, na midomo ikaanza kumcheza. "Mimi sina nia mbaya," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa yake. "Wallahi sina. Ninaye huyo mmoja tu. Baba yake amekufa, nyumba tuko wawili. Huyu atamchukua Watamu, watakuwa wanaongea mambo ya vitabu, na mimi nitakaa na nani? Hasadi? Mimi ninaogopa tu, Bi Jaha. Mtu akiogopa naye anaandikiwa hasadi?"

Na akalia. Bi Jaha akasimama pale na ushindi wake, hajui auweke wapi.

"Mama," ikasema sauti kutoka mkekani. "Usiogope."

Bi Jaha akakodoa macho. Akaweka kidole mdomoni. Akatikisa kichwa mpaka ushungi ukamwanguka.

Zainab hata hakumwangalia. "Shikamoo, mama. Rangi hiyo si hasadi wala si ugonjwa. Ni manjano yaliyokutana na sabuni, na haiendi moyoni wala popote. Mimi nilipata kwa magadi. Niliyatia mwenyewe kwenye singo, kwa ujinga wangu, nilitaka viwiko vilainike. Khala hana kosa. Alikuwa anahangaika kunisitiri tangu asubuhi."

Nje wanawake wanasikika wanabishana kuhusu nazi.

Bi Jaha alisikia kitu kinamchoma kifuani, kikapanda, kikafika mdomoni kabla hajakizuia. "Muongo!" akapiga kelele. "Muongo mkubwa wewe! Mwalimu mzima anasema uongo siku ya hina yake! Magadi niliyatia mimi! Alinikataza, nikamwambia anyamaze! Na wewe, Shamsa, sabuni hiyo nilikupaka mimi makusudi, ili nikutishe! Na nilikuapia hana mdomo. Anao! Anao tangu ana miaka miwili! Haya, chukua begi lako uende!"

Kisha akakaa chini naye. Sasa wako watatu mkekani. Akangoja lile begi lisikike likiburutwa.

Bi Shamsa alijifuta macho kwa mgongo wa mkono mwekundu. Akamtazama Zainab muda mrefu, utosi hadi kisigino, kama alivyoahidi.

"Umejisingizia kosa la mzee," akasema.

"Ni mamangu, mama."

"Hm." Akazungusha bangili yake. "Nami nikija kukosa? Maana nitakosa. Mimi ninajijua."

"Nitakwambia, mama. Ndani, mlango umefungwa. Nje nitasema ni mimi."

Bi Shamsa akauma mdomo. Adnan, yule mwanawe wa ndiyo mama, sawa mama, radhi mama, hajawahi kumwambia hata kwamba chai imezidi sukari, na watu wa mtaani humwambia mambo yale tu anayotaka kuyasikia, kwa kuogopa ukubwa wake. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kumwahidi kumwambia ukweli.

Kache akaingia anahema, ameshika kijipande cha shabu cha kukopa. Akawaona watatu wamekaa chini, wawili wana mikono myekundu na mmoja ana kamasi, akarudi nyuma hatua. "Mulungu wangu, inaambukiza."

"Lete hiyo," akasema Zainab, akaanza kuikoroga kwenye beseni. "Mama, tia mikono yako hapa kwanza. Dakika chache tu, itatoka."

Bi Shamsa akauangalia ule mkono wa kushoto wa Zainab, akayaangalia maji, na yalikuwa kidogo. Akasikiliza uani. Wanawake walikuwa wamenyamaza sasa, ule unyamavu wa watu waliosogea karibu na mlango.

"Wamesikia kwamba bibi arusi amekuwa mwekundu?"

"Mtaa mzima," akasema Kache.

"Basi osha mkono wako, mwanangu," akasema Bi Shamsa, na akajiinua kwa kushikilia bega la Bi Jaha. "Hii yangu niachie."

Akakunja mikono ya buibui mpaka juu ya viwiko. Akafungua mlango, akatoka uani kwenye jua kali, akainua juu mikono yake miwili myekundu ili wote waione, na akapiga kigelegele kilichowaamsha paka wa Shela nzima.

"Mlikuwa mnasema nini kuhusu rangi?" akauliza. "Kwetu hii anapakwa bibi arusi asubuhi, ili ajulikane ni wetu, kisha mama mkwe anapakwa alasiri. Hamkuwa mnajua? Nyinyi watu wa Malindi mnaozana vipi? Leteni begi ndani!"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema alikuwa anajua, ila amesahau. Wa pili akasema hata nyanya yake alipakwa. Wa tatu akaweka kisu cha viazi chini, akakunja mikono ya dera lake, akauliza kama ni ya mama mkwe peke yake au hata shangazi anaweza kupata.

Chumbani, Bi Jaha alikuwa bado amekaa mkekani, analia na kucheka bila mpango, huku mkono wa kushoto wa Zainab ukirudi rangi yake ndani ya beseni. Kache akachungulia nje, akaona foleni. Akamgeukia.

"Somo, wanaulizia singo la magadi. Na magadi ya jikoni yamekwisha, na maharagwe ya chungu cha pili bado ni mawe."

"Nenda dukani ukanunue mengine," akasema Bi Jaha. Kisha akamtazama Zainab, na ilimgharimu, lakini akasema. "Niambie, mwalimu. Nitie kiasi gani?"